Kufungua na kutunza presi ya kujazia risasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani, wenye kibali cha kufanya hivyo, na mengine nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimepiga magoti sakafuni natafuta springi kwa tochi. Vipimo vya baruti hutavikuta hapa, hivyo vinakaa kwenye kitabu cha mtengenezaji na usivichukue kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Hapa ni chuma, oili na uchafu tu.

Kwanza, ukisema ramu, dai, linki, unamaanisha nini?

Presi ni ile fremu ya chuma yenye mkono wa kuvuta. Ramu ni nguzo ya mviringo inayopanda na kushuka katikati ya fremu ukivuta mkono, na juu ya ramu kuna kishika ganda, kichuma chenye mwanya kinachodaka kitako cha ganda (kile kikopo cha risasi kinachobaki ukishapiga). Linki ni zile mbavu za chini zinazounganisha ramu na mkono kwa pini. Juu ya fremu kuna tundu lenye nyuzi, hapo ndo unafunga dai, yaani kalibu inayolirudisha ganda kwenye kipimo chake au inayosukuma kichwa cha risasi ndani ya ganda (sio dai la mahakamani, ingawa ukiikaza vibaya inaweza kukufikisha huko). Praima ni kile kikombe kidogo cha fataki kwenye kitako. Basi, tumeelewana.

Presi yangu nzito kama chuma cha reli, kuna haja gani ya kuifungua? Si naifuta tu kwa nje?

Hili ndo swali lenyewe. Presi haifi kwa kutumika, nguvu unayotumia kusukuma ganda kwenye dai ni kidogo sana ukilinganisha na ile fremu inayoweza kubeba. Inakufa kwa uchafu wa praima. Kila ukitoa praima iliyotumika, pamoja nayo inadondoka vumbi nyeusi nyeusi yenye chenga, ngumu, inakwaruza, na vumbi hiyo inashuka palepale kwenye ramu na pini. Sasa wewe umepaka oili nyingi kwa nia njema kabisa, vumbi inanasa kwenye oili, ramu inapanda inashuka mara mia tano kwa jioni moja, umeshatengeneza msasa wa maji. Kwenye presi nyingi za chuma cha kumimina ramu inatembea moja kwa moja kwenye tundu la fremu, hakuna bushi ya kubadilisha, kwa hiyo tundu likishapanuka limepanuka, utaishi nalo hivohivo.

Ukitaka ushahidi, pitisha kidole chini ya kishika ganda alafu kisugue na kidole gumba. Ukisikia kama mchanga, hiyo ndo inayokula presi yako. Kwa nje itakuwa inang'aa tu.

Ndo maana kuna presi zimebuniwa kukwepa hilo. Kwenye Forster Co-Ax praima inadondoka moja kwa moja kwenye kichupa, kwenye Lee Classic Cast ramu iko wazi katikati na praima zinateremkia ndani yake hadi kwenye bomba laini la chini. Hizo zinakaa safi muda mrefu zaidi, ila sio kwamba hazichafuki.

Niifungue kila baada ya muda gani?

Sipendi kutoa namba maana mtu anayeosha maganda yake baada ya kutoa praima kwenye kifaa kingine na mtu anayetoa praima kwenye presi hiyohiyo hawafanani hata kidogo. Mimi nafuta ramu kwa tambara kavu kila nikimaliza kazi, dakika moja tu, na nafungua yote mkono ukianza kuwa mzito au nikiona oili kwenye ramu imebadilika kuwa nyeusi. Ukiwa unajaza kidogo kidogo mara moja kwa mwaka inatosha. Kitabu cha presi yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kabla sijagusa bolti yoyote nifanye nini?

Usiruke hapa. Toa baruti yote kwenye kipima baruti uirudishe kwenye kopo lake lenye jina lake, toa praima zote kwenye trei au kwenye bomba lake, toa risasi zilizokamilika, peleka vyote mbali na meza. Sio pembeni ya meza, chumba kingine kama unacho. Hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna hita. Vaa miwani.

Alafu chukua tochi uangalie chini kwenye linki na kwenye kila kona ya fremu. Unatafuta praima nzima iliyodondoka. Mimi nilishaikuta moja imejibana katikati ya linki na fremu, inang'aa kama kijishilingi, na nilikuwa nimeshashika nyundo mkononi kwa ajili ya kugonga pini ya pembeni yake tu. Nilikaa chini kwanza. Ukiikuta usiichokonoe kwa bisibisi, itoe taratibu kwa kijiti au kibano cha plastiki, iweke peke yake, na usidanganyike kwamba ikilowa oili imekufa. Oili inaweza kuiharibu praima na inaweza isiiharibu, huwezi kujua, kwa hiyo huitumii kwenye risasi na wala huigongi kujaribu.

Vifaa?

Elenki seti nzima (za milimita au za inchi kulingana na presi, usilazimishe inayokaribiana utakula kichwa cha skrubu), spana, koleo ya klipu, pini ya shaba au kipande cha mti mgumu cha kugongea, nyundo ndogo, mswaki wa zamani, matambara, trei ya kuwekea vitu. Na simu ya kupiga picha. Hiyo simu ndo kifaa muhimu kuliko vyote.

Naanzia wapi kwenye presi ya hatua moja?

Hizi za hatua moja (dai moja, kazi moja kwa kila mvuto), za aina ya Rock Chucker na wenzake, ni rahisi sana, vipande vya maana havizidi kumi. Ila kila mtengenezaji ana namna yake kwa hiyo nitaeleza mwendo, sio kila skrubu.

Toa dai. Kabla hujaitoa angalia kama ile ringi yake ya kufungia imekazwa, maana ringi ikiwa legelege ukirudisha dai itakaa kimo kingine. Toa kishika ganda, kinachomoka kwa pembeni, kuna springi ndogo au klipu inayokibana, iangalie imekaaje. Toa mkono wa praima kama upo, mara nyingi unachomoka kwa kuusukuma tu kwenye mwanya wa ramu, na kuna springi yake nayo ambayo inapenda sana kuruka.

Sasa linki. Piga picha ya kushoto, ya kulia, ya mbele. Weka alama kwa kalamu ya rangi kwenye kila linki, K ya kushoto na L ya kulia, na mshale unaoonyesha juu. Watu wengi wanaruka hii halafu wanarudisha linki kichwa chini au zimebadilishana upande, presi inafanya kazi lakini ukifika mwisho wa mvuto mkono haukazi kama zamani na dai zote zimepoteza kimo, unaanza kujiuliza umeharibu nini.

Legeza skrubu zinazobana pini, au toa klipu, kisha sukuma pini ya juu inayoshika ramu. Hapa mkono mmoja uwe umeshika ramu kwa chini. Nasema tena, shika ramu, ni kipande cha chuma na ikitoka ghafla inaangukia mguu, na mguu ukiponea basi itagonga sakafu na kupata donge kwenye ukingo, na hilo donge litakwaruza tundu la fremu kila siku. Kwenye presi nyingine ramu inatokea juu, nyingine inatokea chini, ikikataa upande mmoja usilazimishe, tafuta kinachoizuia, mara nyingi ni ile klipu ya kishika ganda umeisahau.

Ikishatoka iangalie kwenye mwanga ukiizungusha. Mikwaruzo myembamba ya kusimama ni ya kawaida. Mfereji unaoweza kuusikia kwa kucha sio wa kawaida, kuna chenga imekaa kwenye tundu la fremu, safisha humo kwa tambara lililozungushwa kwenye kijiti mpaka litoke jeupe.

Pini imegoma kutoka.

Weka oili ya kupenyeza, kalale. Asubuhi gonga kidogokidogo kwa shaba au mti, sio chuma kwa chuma maana kichwa cha pini kinachanua alafu ndo haitoki milele. Hakikisha pia unagonga upande sahihi, pini nyingine upande mmoja ni mnene. Moto hapana. Najua fundi wa magari atakwambia pasha moto kidogo, lakini hii meza imemwagikiwa baruti kwa miaka, na chuma cha kumimina hakipendi kupashwa upande mmoja, kinapasuka.

Nasafishia nini, petroli inafaa?

Petroli hapana, mvuke wake unatembea chini mpaka ukutane na cheche. Mafuta ya taa yanafaa sana kwa vipande vya chuma, fanyia nje au dirisha likiwa wazi, mswaki, tambara, kausha. Dawa ya kusafishia breki inakata grisi vizuri ila inakula plastiki na inaweza kubandua rangi ya fremu, kwa hiyo iishie kwenye pini na ramu. Vya plastiki vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo.

Usipulize kwa hewa ya kompresa na usitumie vakyumu. Hiyo vumbi ina madini ya risasi ndani yake na ukiipuliza unaihamishia kwenye mapafu yako, na vakyumu ya nyumbani inaitapika kupitia filta alafu pia ina mota yenye cheche inayonyonya chembe za baruti. Tambara lenye unyevu linashinda mashine zote hapa.

Oili au grisi? Na wapi?

Pini za linki na sehemu zinazozunguka taratibu zikiwa zimebeba mzigo: grisi, kidogo, ile inayoonekana imetokeza pembeni ifute. Ramu: oili nyepesi, matone mawili matatu, zungusha kwa kidole, alafu futa kama vile umebadilisha mawazo. Inayobaki baada ya kufuta ndo inayotakiwa. Presi yenye vitundu vya kupitishia grisi kwa pampu, pampu moja au mbili uishie hapo.

Grisi kwenye ramu siipendi, nimeshaona presi ina kola nyeusi kuzunguka ramu kama ugali ulioungua, mwenyewe anajisifu kwamba anaitunza, kila wiki anapaka. Ukiwa mtu wa kupaka sana basi safisha mara mbili zaidi.

Eneo la praima na kipima baruti havipakwi kitu chochote, kamwe. Vikavu kabisa.

WD-40 je?

Inafaa kulegeza na kufukuza maji, ukishamaliza ifute, paka oili halisi. Sio mafuta ya kudumu na ikipulizwa inaenda kila mahali, ikiwemo kwenye praima. Mimi haikai kwenye chumba hicho.

Nimenunua presi ya zamani, ramu inacheza. Imekwisha?

Pengine hapana. Inua ramu hadi juu kabisa, ishike uitikise. Kucheza kidogo sana ni kawaida na wala hakuna madhara, maana ganda lenyewe linajipanga katikati likiingia kwenye dai, na kishika ganda chenyewe kimeachiwa kijinafasi kwa makusudi. Kucheza kunakoonekana kwa macho ukiwa umesimama ndo tatizo. Lakini hata hivyo usiihukumu kwa kuitikisa, ihukumu kwa risasi inayotoka: pima unyoofu wake kwa geji ya saa, linganisha risasi ishirini, kama zimenyooka basi presi nzima. Kuna watu wanatupa presi nzuri kwa sababu ya hisia ya mkono tu.

Ikiwa na kutu tumia sufi ya chuma ile laini kabisa ya namba 0000 na oili. Msasa kwenye ramu hapana, unapunguza unene wake na ndo unatengeneza kule kucheza ulikokuwa unakuogopa. Fremu kwa nje fanya utakavyo, piga rangi, hata ya waridi.

Presi yangu ni ya kuzunguka, zile zenye sahani ya maganda. Ni hivohivo tu?

Wazo ni lilelile ila hapa vuta kiti. Presi za kuendelea kama za Dillon au Hornady Lock-N-Load AP zina kila kitu cha ile ya hatua moja alafu juu yake kuna sahani inayozunguka, jino la kuizungusha, kigololi na springi vya kuisimamisha kila kituo, mfumo wa praima, waya wa kutolea risasi. Kila kimoja kina jambo lake.

Kigololi. Ukifungua bolti ya katikati ukainua sahani, springi inakirusha kile kigololi na hutakiona tena. Niliwahi kukipoteza cha kwangu usiku, nikafagia chumba chote, nikapitisha sumaku, wapi, nikakipata baada ya siku mbili ndani ya kandambili. Siku hizi nafunika sahani na mkono wangu ndani ya mfuko wa plastiki mwangavu, ninainua polepole humohumo, kikiruka kinaishia kwenye mfuko.

Chini ya sahani ndo utakuta siri zote. Chembe za baruti zilizomwagika zinaingia chini yake, zinaiinua unywele tu, na huo unywele unatosha kufanya praima zisikae ndani vizuri upande mmoja na urefu wa risasi ukawa unapanda na kushuka bila sababu. Nimesaidia mtu mmoja aliyekuwa ameshabadilisha dai mbili kwa tatizo hilo, tulipoinua sahani tukakuta baruti kama kijiko kidogo cha chumvi. Futa, kausha, basi.

Ukirudisha, kwenye presi za aina ya Dillon kaza bolti ya sahani mpaka isizunguke, alafu rudisha nyuma kidogokidogo mpaka izunguke bila kukwama na bila kuyumba, hapo ndo unafunga skrubu ndogo ya kuizuia isilegee. Watu wanaisahau hiyo skrubu ndogo. Bolti inalegea taratibu wakati unafanya kazi na hujui. Ikiwa sahani inaruka kwa kishindo ikifika kituoni na kumwaga baruti, springi ya kigololi ni kali mno au kuna uchafu, au mkono wako una haraka. Anza na mkono.

Mfumo wa praima: fungua ikiwa haina praima hata moja, safisha kile kichuma kinachosukuma na njia yake, maana vumbi ikijaa chini ya kichuma praima haifiki mwisho inabaki imetokeza. Praima ikikwama kwenye bomba usiisukume kwa waya, usigonge. Praima moja kwenye bomba lililojaa ikilipuka inalipua zote, ndo maana kuna kinga ya chuma iliyozunguka hilo bomba, usije ukaitoa eti inazuia kuona.

Dai nazo zinafunguliwa?

Zinafunguliwa na watu wengi hawajawahi. Nyuzi za nje kwa dai za kawaida ni inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi, ambayo ina faida moja nzuri: mzunguko mmoja mzima ni karibu milimita 1.8, robo ni kama milimita 0.45, kwa hiyo hata ukipoteza kimo unaweza kurudi kwa hesabu. Kabla ya kufungua pima kwa venia kimo cha ringi na kimo cha kile kijiti cha juu, andika kwenye karatasi uiweke ndani ya boksi la dai.

Ile ya kusukuma kichwa cha risasi ndo mchafu kuliko zote hasa ukitumia vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti la shaba, vilivyopakwa nta. Nta na vipande vinajikusanya juu kwenye kile kikombe kinachosukuma, kinakuwa kama kimerefuka, vichwa vinazama zaidi. Kuna siku nilipima risasi ya kwanza ikawa sawa, nikaendelea, baada ya mia tatu hivi nikapima kwa bahati tu nikakuta zimefupika karibu milimita 0.3. Kwa risasi ya bastola hiyo sio kitu cha kucheza nacho, kichwa kikizama nafasi ya ndani inapungua na presha inapanda. Nikafungua dai nikatoa gamba la nta lenye umbo la kichwa cha risasi kabisa, kama kalibu ya keki. Zile mia tatu nilizibomoa zote kwa mkono, jioni mbili.

Ile ya kurudisha ganda kwenye kipimo isafishe ndani kwa tambara, angalia pini ya kutolea praima haijapinda, paka oili nyembamba sana kwa nje na kwa ndani kama utaihifadhi. Jasho la vidole linatosha kuitia kutu. Siku ya kuitumia, futa ile oili ya ndani.

Ganda limenasa ndani ya dai, kitako kimekatika.

Karibu kwenye chama. Ni ganda lenye shingo nyembamba ulilosahau kupaka mafuta ya kutelezeshea. Usiendelee kuvuta mkono utavunja kitu cha gharama. Hakikisha kwanza praima ya ganda hilo imeshalipuka, kama ni nzima acha kabisa usitoboe. Legeza kijiti cha pini kukipandisha juu, toboa kitako cha ganda katikati, kata nyuzi kwa tapu (kifaa cha kuchonga nyuzi) ya 1/4-20, yaani robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, weka soketi au kipande cha bomba juu ya mdomo wa dai, pitisha bolti na washa, kaza. Ganda linajivuta lenyewe nje taratibu, linalia kidogo. Seti za kazi hiyo zinauzwa ila bolti na soketi ni kitu kilekile.

Dai za kabaidi (zenye pete ya ndani ngumu sana) za maganda ya bastola yaliyonyooka hazihitaji mafuta hayo, ingawa kidogo kinarahisisha mkono.

Kipima baruti kinasafishwaje?

Kikavu. Ukiacha baruti ndani kwa wiki kadhaa, kwanza utasahau ni ipi, na kosa hilo halina dawa, pili baadhi ya baruti zenye nitrogliserini zinakula plastiki ya tangi mpaka inakuwa na ukungu wa kahawia. Osha tangi kwa sabuni ya vyombo, usilisugue wala kulifuta, liache likauke lenyewe kwa hewa, hapo baruti haitajibandika ukutani kwa umeme wa msuguano. Sehemu za chuma zilizokuja na mafuta ya kiwandani zifute mpaka tambara litoke safi, oili ikibaki chembe zinaganda na kipimo kinadanganya.

Natumia maganda ya zamani ya kijeshi, presi inapata kutu haraka, kwa nini?

Praima za zamani nyingi zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ikiungua inaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Ukitoa praima hizo kwenye presi unamwagia ramu chumvi. Oili haiyeyushi chumvi, maji ndo yanaiyeyusha, kwa hiyo futa kwa tambara lenye maji kwanza, kausha vizuri, ndo upake oili. Inaonekana kinyume, kupaka maji kwenye chuma ili kisipate kutu, lakini ndo hivyo.

Nimeifunga yote, mkono mzito na unalia.

Kukiwa na kulia kama mlango, pini imekauka, umesahau grisi. Uzito mwanzo mpaka mwisho ni skrubu za linki zimekazwa mno au linki zimebadilishana upande. Uzito mahali pamoja tu ni chenga au donge kwenye ramu. Ukiwa mzito wakati kuna ganda ndani tu, basi shida ni dai au mafuta ya ganda, presi haina hatia.

Na angalia meza. Bolti za kufungia presi mezani zinalegea, mbao inakunjika, unahisi presi inalegea kumbe meza ndo inapumua. Weka bati au washa pana chini ya mbao.

Nimebaki na washa moja.

Sote. Rudi kwenye picha.

Kweli lazima nivae glavu?

Neno risasi kwetu ni kile kinachotoka kwenye bunduki na pia ni yale madini mazito yenye sumu, na kwenye kazi hii unashika vyote viwili. Vumbi ya praima ina risasi, bariamu na antimoni. Vaa glavu, usile wala kunywa hapo, nawa kwa sabuni na maji ya baridi ukimaliza, tambara zilizotumika zisichanganyike na nguo za kufuliwa, hasa kama kuna watoto. Mswaki uliotumia uuwekee alama kubwa. Nilichora fuvu kwenye wa kwangu.

Baada ya kufunga naanza kazi moja kwa moja?

Vuta mkono mara ishirini bila chochote. Alafu pitisha maganda matano matupu, bila praima wala baruti, kituo kwa kituo, ukiangalia kila kimoja. Pima kimo cha dai tena. Ndo urudishe praima, kisha baruti, na vipimo vya kwanza kumi upime vyote kwenye mizani hata kama hukugusa kipima, maana ulikishika kukitoa. Mimi risasi tano za mwanzo baada ya kufungua presi naziweka kwenye boksi tofauti, nazipima urefu moja moja, zikilingana ndo naita watoto waje waniletee chai mlangoni, ndani hawaingii.